Milango ya Laini ya Mawe

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno, lakini wahenga hawakuwahi kukaa kikao kimoja na Mwalimu Abdinasir. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mwenyekiti wa wakazi wa Laini ya Mawe, na mtu asiyeweza kuona kitu kimetulia akakiacha kitulie. Muslimo amekuwa jirani yake tangu wote wawili wakiwa na meno kamili, na katika miaka yote hiyo hajamwona akitengeneza jambo lisizidi kuharibika.

Laini ya Mawe ni safu ya nyumba nyuma ya soko la Garissa, zimeshikana ubavu kwa ubavu chini ya paa moja refu la mabati. Serikali ya mkoloni ilizijenga kwa ajili ya makarani na askari wake wadogo: chumba cha mbele, chumba cha nyuma, na ua wa kupikia. Siku hizi zimezungukwa na maghorofa ya vioo, na wako matajiri waliokimezea mate kiwanja kile. Tumaini lililobaki lilikuwa watu wa makumbusho. Wakizitangaza nyumba zile kuwa urithi wa taifa, hakuna tingatinga litakalozigusa.

Kwa Muslimo, urithi wa taifa lilikuwa neno la redioni. Yeye alitaka kitu kimoja tu, asitenganishwe na Kinsi. Kinsi ndiye jirani wa ukuta wa kushoto, na tangu avunjike nyonga hatoki kitandani. Bintiye, Sadia, huuza maziwa ya ngamia sokoni tangu alfajiri hadi adhuhuri. Akitoka hufunga mlango kwa kufuli na kuondoka na ufunguo wake, wala hana wasiwasi, kwa sababu Muslimo hapiti mlango wa mbele. Muslimo hupita ukutani. Nyumba zikibomolewa, Kinsi atapelekwa kwa mwanawe huko Hulugho, naye Muslimo atachukuliwa na wanawe Nairobi, na kwa umri wao hawataonana tena hapa duniani.

Kupita ukutani kulianza miaka ya kafyu, wakati jua likizama mtu haruhusiwi kutoa hata pua nje. Kinsi alishikwa na uchungu wa kumzaa Sadia akiwa peke yake, mumewe yuko Ijara na mifugo. Muslimo alimsikia akilia upande wa pili, akamtazama mumewe, marehemu Gelle, na Gelle akachukua mtaimbo akautoboa ukuta wa serikali. Tundu lilimtosha mtu akiinama. Muslimo akapita, akampokea mtoto.

Asubuhi yake Laini nzima ilingoja adhabu. Badala ya adhabu, jirani wa kulia alikuja kuazima mtaimbo. Kafyu ilipokwisha, safu yote ilikuwa imetobolewa, na mgonjwa, mwali na sufuria ya uji vilipita ndani kwa ndani kutoka nyumba ya kwanza hadi ya mwisho. Pakawekwa mapazia, na mapazia nayo yakapata adabu zake. Likiwa limefungwa fundo, karibu, pita. Likiwa limeachwa chini, kohoa kwanza, ungoje. Watoto wa Laini walijua kukohoa kabla ya kujua kusema.

Na hiyo ndiyo milango ambayo Mwalimu Abdinasir, kwa akili zake timamu, aliamua kuiziba.

"Watu wa makumbusho wanakuja Alhamisi," alitangaza kikaoni, kwa Kisomali chake cha darasani. "Wanatafuta nyumba ya mkoloni kama alivyoiacha mkoloni. Wakikuta tumetobolewa kama gunia la panya, watasema tumeharibu mali ya kale. Tuzibe, tupige lipu, tupake chokaa."

"Walaal, ndugu yangu, hebu tuwaulize kwanza wanataka kuona nini," Muslimo alisema.

"Abaayo, dada yangu, mimi nimesomesha nusu ya mji huu. Serikali naijua inavyofikiri."

"Na Kinsi je?"

"Utapita mlangoni, kama watu."

Kama watu! Muslimo alihisi kichwa kinawaka moto. Aliwageukia wenzake wamsaidie, nao wakainamia mikeka yao kana kwamba imeandikwa kitu. Kila mmoja aliliogopa tingatinga, na mwenye hofu humfuata yeyote anayesema kwa sauti kubwa. Alisema tena, akasema mara ya tatu, mwishowe akaondoka kikaoni bila kuaga.

Fundi aliyeletwa aliitwa Kasyoka, mtu wa Kitui, mpole. Naye alijaribu. "Mzee, hii saruji ni kidogo. Hii ni kama tunajenga na mchanga peke yake."

"Wageni hawaji kuulamba ukuta," Mwalimu akamjibu. "Wanakuja kuuangalia."

Basi matofali yakapangwa kwa saruji ya kunusisha, yakapigwa lipu, yakapakwa chokaa. Muslimo alikaa kwenye mkeka wake akitazama tundu la Gelle likipungua, mpaka uso wa Kinsi kitandani ukabaki nusu, kisha jicho, kisha hakuna. Alilia, na hakulia kwa huzuni. Alilia kwa hasira ya kushindwa na mjinga.

"Muslimo, uko?" Kinsi akauliza kutoka kule.

"Niko."

"Sauti yako imekuwa kama redio mbovu."

Sadia aliagizwa awe anamwachia Muslimo ufunguo. Jumatano alikumbuka, na Muslimo, kwa magoti yake mabovu, alishuka ngazi za kwake akapanda za Kinsi huku akimwapiza Mwalimu kwa kila ngazi. Alhamisi mkono wa Sadia ulifanya ulichozoea kufanya miaka yote: ulibana kufuli, ukatia ufunguo mfukoni, ukabeba madumu ya maziwa. Jua lilipopanda ndipo Muslimo alipogundua. Akapiga simu, ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Nani husikia simu katikati ya wauza maziwa?

Alimwendea Mwalimu, aliyekuwa amevaa kofia mpya akirekebisha mstari wa viti. "Tuma mtu sokoni amwite Sadia. Kinsi amefungiwa, na ufunguo umekwenda."

"Baada ya wageni. Sasa hivi nataka kila mtu mlangoni kwake, na nguo safi. Wewe weka chai. Tumechagua nyumba yako kwa sababu ndiyo nadhifu."

"Mwalimu, mtu yuko peke yake!"

"Saa moja tu, abaayo. Saa moja Kinsi hatakufa."

Angekwenda mwenyewe, lakini kwa magoti yale na msongamano wa soko lile, angewafikia wauza maziwa Sadia yuko njiani anarudi; na hakuna jirani aliyethubutu kuuacha mlango wake. Na gari la wageni lilikuwa limekwisha kukata kona.

Ofisa wa makumbusho alikuwa msichana wa Kimeru aitwaye Gatwiri, kamera shingoni, vumbi la safari bado kwenye viatu. Mwalimu alimtembeza safu nzima akimfundisha majina ya mawe. Gatwiri aligonga ukuta mmoja kwa kidole, akanusa chokaa mbichi, na kadiri alivyotembea ndivyo uso wake ulivyozidi kupoa. Walipoingia kwa Muslimo na kukaa, alikuwa na sura ya mtu aliyesafiri siku nzima kwenda harusini akaambiwa bibi arusi amehama.

"Mwalimu, nyumba ni nzuri," alisema. "Lakini laini za namna hii tunazo, na nyingine zimetunzwa kuliko hizi. Sadia, aliyetupigia simu kutuomba tuje, aliniambia kwamba hapa kuna milango ya ndani. Naomba kuiona hiyo."

Muslimo, aliyekuwa anainua birika, akasimama.

Mwalimu alicheka kile kicheko cha walimu wakiulizwa swali ambalo halimo katika somo. "Milango ya ndani, madam? Hizo ni porojo za sokoni. Nyumba ziko vilevile kama zilivyojengwa."

"Muslimo!"

Sauti ilitoka nyuma ya chokaa. Gatwiri akageuka. Mwalimu akamkazia Muslimo macho, akamnong'oneza kwa Kisomali, "Wageni kwanza. Mimina."

Naye Muslimo akamimina. Baadaye hakuweza kujieleza kwa nini. Labda ni malezi, kwamba mgeni hakatizwi kinywaji chake. Labda ni tingatinga. Akamimina kikombe cha kwanza, na sauti ikaja tena, "Muslimo, abaayo, sijiwezi," akamimina kikombe cha pili huku chai ikimwagika kwenye sinia.

Mara ya tatu hakuitwa. Kulisikika kishindo, kitu kizito kimeanguka sakafuni, kisha kimya.

Muslimo aliliweka birika chini. Akatoka uani, akarudi na mchi wa kutwangia, mrefu kama yeye mwenyewe.

"Muslimo, usituaibishe!" Mwalimu aliruka kutoka kitini.

"Aibu iko kwa nani?" alimjibu kwa Kiswahili, kusudi mgeni asikie. "Mtu iko ndani, ufunguo iko sokoni, na wewe nakunywa chai! Wewe nasema borojo? Sasa angalia borojo."

Akaupiga ukuta. Mficha uchi hazai, na Mwalimu alikuwa ameficha kwa saruji ya kunusisha. Pigo la kwanza lilidondosha chokaa, la pili likasogeza tofali, na baada ya hapo matofali yakaanza kuporomoka yenyewe kama yaliyokuwa yamechoka kudanganya. Vumbi lilijaa kwenye vikombe. Muslimo aliinama, akapita, magoti au hapana magoti.

Kinsi alikuwa sakafuni kando ya kitanda, dera limekunjamana, amelowa. Macho yalikuwa wazi. Muslimo alimshika mabega, akajaribu kumwinua, akashindwa.

"Mama, nikusaidie?" Gatwiri alikuwa ameinama tunduni.

"Wacha mashine. Kuja, shika yeye huku miguu. Bolebole, hii upande ndiyo naumwa."

Gatwiri aliiacha kamera kwenye vifusi akapita. Walimnyanyua pamoja, wakamlaza. Kisha, wakati Muslimo akitafuta beseni, msichana yule alirudi tunduni akapapasa ukingo wake. Chini ya saruji mpya jiwe la zamani lilikuwa laini, limesuguliwa na mikono ya watu waliolishika kila walipoinama.

"Na ile mingine?" aliuliza.

Mwalimu Abdinasir alikuwa amebaki upande wa pili na kofia yake mpya imejaa vumbi. "Nimeiziba yote, madam," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya darasani. "Nilidhani mnataka ya mkoloni."

"Ya mkoloni ninayo mpaka nimechoka, Mwalimu. Mawe aliyapanga yeye. Nilikuja kuona kazi yenu ninyi."

"Sasa itakuwaje?"

"Nitaandika nilichokiona. Mlango mmoja na saruji mbichi. Ile mingine fungueni, polepole, msiguse mawe ya zamani, nami nitaomba nirudi. Lakini siwezi kukuahidi. Wanaotaka kiwanja hiki nao hawajalala."

"Kasyoka anaweza kuanza leo leo," Mwalimu alisema haraka. "Hata huu hapa anaweza kuunyoosha, akaupiga lipu kidogo pembeni..."

"Mwalimu!" Muslimo alikuwa amesimama tunduni, beseni mkononi. "Akigusa hii yangu na chokaa, hata kidogo, mimi nachukua mchi nakuja kwako. Naanza na dirisha."

Gatwiri aliaga kwa adabu, akamshika Kinsi mkono, akaokota kamera yake. Mwalimu alimfuata mpaka garini akieleza, na hata gari lilipoondoka alibaki pale akieleza, sasa kwa majirani, ambao wakati wa kikao walikuwa hawana ulimi na sasa kila mmoja alikuwa na la kumwambia.

Muslimo hakutaka kuwasikia. Alichota maji ya vuguvugu, akamvua Kinsi nguo zilizolowa, akamwosha mgongo na mapaja, kama alivyomwosha siku aliyozaliwa Sadia. Alikuwa na hasira na Mwalimu, na majirani, na mkono wa Sadia, na serikali zote mbili, ile iliyojenga na hii iliyopo. Alimpangusa, akamvisha dera safi, akamwekea mto chini ya nyonga.

Kinsi alimtazama wakati wote huo.

"Nilikuita," alisema.

"Nilikusikia."

"Mara ya kwanza?"

"Mara ya kwanza."

"Tangu ukuta huu utobolewe sijapata kukuita mara mbili. Mbona hukuja?"

Muslimo alifungua kinywa amtaje Mwalimu. Akataka kutaja matofali, ufunguo, soko, magoti. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililomshika mkono asitumie mchi tangu mwito wa kwanza. Alilikamua taulo ndani ya beseni mpaka likakauka.

"Nilikuwa nawamiminia wageni chai," alisema.