Usiizime Simu, Mama

Binti yangu Akwii alikuwa hospitalini Busia, uchungu umemshika tangu alfajiri, na simu yangu ilikuwa haipigi wala haipokei. Oduori, mume wake, aliahidi kunipigia simu mara daktari atakaposema kama mtoto atazaliwa kwa kawaida au kwa upasuaji. Akwii aliniomba jambo moja tu: kama ni upasuaji, nifike kabla hajaingizwa. Anaogopa kisu tangu utoto.

Hapa Malaba tumezoea vituko vya simu. Ukiwa karibu na daraja, simu inavuka mpaka peke yake, inashika mtandao wa Uganda, nawe unaizima na kuiwasha ili irudi nyumbani. Ndivyo tulivyofanya sote siku hiyo. Mtandao wa kampuni yetu ulikuwa umekatika asubuhi. Uliporudi mchana, alama zilijaa kwenye kioo lakini hakuna simu iliyopita. Basi tukazima, tukawasha. Madereva wa malori kwenye foleni ya forodha wakazima, wakawasha. Mji mzima.

Petronilla, jirani yangu anayeuza ndizi, aliingia uani na simu mbili mkononi.

“Mama Akwii, huyu mpangaji wako yuko ndani?”

“Yuko. Anafanya kazi.”

“Kazi gani? Nimepita dirishani, nimemsikia akiongea na simu. Yake inaingia! Zetu zimekuwa tochi.”

Mpangaji wangu ni Bwire, kijana wa Bumala, fundi wa hiyo hiyo kampuni ya simu. Chumbani ana kisanduku cheusi chenye taa za kijani, na mlango wake haukai wazi. Ni mtu mwema. Mvua ikianza huniingizia kuku bila kuambiwa. Lakini hata mtu mwema anaweza kukuficha jambo, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuwaza.

Tukabisha. Akafungua mlango nusu, akainamisha kioo cha kompyuta yake.

“Boss,” Petronilla akasema, “tufungulie laini.”

“Nani amesema nimefunga?”

“Si umefunga?”

Bwire akasahihisha: “Tumepunguza.”

Petronilla akapiga makofi. “Mama Akwii, umesikia kwa masikio yako!”

Nilimwuliza kwa upole anieleze. Akasema kila simu ikiwashwa hujitambulisha kwa mitambo mikuu ya kampuni: mimi ni fulani, niko mahali fulani. Simu zote zikijitambulisha kwa pamoja, mitambo inalemewa na kuanguka, na eneo lote hili linabaki kimya. Kwa hiyo wanaruhusu chache chache, na nyingine zinaambiwa zingoje. Laini za mafundi zinapitishwa kwanza ili waweze kutengeneza.

“Simu iliyoambiwa ingoje itajaribu tena yenyewe,” akasema. “Ukiizima na kuiwasha, inakuja upya kama mgeni, na kutuongezea mzigo. Usiizime simu, mama. Iache.”

“Basi nipe yako nimpigie Oduori.”

“Haitasaidia, mama. Kama yuko Busia, yake pia inangoja.”

“Ana jibu la kila kitu, huyu!” Petronilla akacheka bila furaha.

Bwire akanipa simu hata hivyo. Nilipiga. Sauti ya mashine ikasema mteja hapatikani, nikamrudishia.

“Hata hiyo ameipanga,” Petronilla akaninong’oneza.

Nikakaa kwenye kigoda mlangoni pa Bwire, kidole juu ya kitufe cha kuzimia simu yangu. Nilifikiri: mtu akitaka nikose habari za mwanangu, atanishauri nini zaidi ya kukaa na kutogusa kitu? Kidole kilikuwa kinataka kubonyeza. Ndipo nikaona sahani ya ugali na omena niliyompelekea asubuhi. Ilikuwa kando ya kompyuta, haijaguswa, nzi wanaitembelea. Mtu anayetuchezea angekula kwanza.

Nikaiweka simu mapajani. Petronilla akazima zake zote mbili, akawasha, akalaani, akazima tena.

Yangu ikalia.

“Mama! Nimepiga mpaka nimechoka,” alikuwa Oduori. “Ni upasuaji. Wanamtayarisha sasa hivi.”

Petronilla alikimbia barabarani, akasimamisha teksi ya probox, akagombana na dereva mpaka nikapewa kiti cha mbele. Akavua leso yake, akanifunga mabegani. Halafu akainama dirishani. “Amekufungulia wewe kwa sababu unampikia. Mimi bado nangoja.”

Bwire alikuwa amenifuata hadi barabarani na mkoba wangu niliousahau.

“Bwire, umenifungulia mimi?”

“Mama, mimi sioni simu ya mtu. Naona hesabu tu.”

Alisema akiangalia chini. Labda ni uchovu. Njia nzima nilitaka kumwamini, na kila tulipopunguza mwendo nilijiuliza kwa nini hakuniangalia machoni.

Nilimkuta Akwii kwenye kitanda cha magurudumu, tayari wanamsukuma. Nikamshika mkono. Ulikuwa baridi.

“Kwa nini hukushika simu?” akaniuliza. “Nilidhani hutaki kuja.”

Nikaanza kumweleza habari za simu zinazongoja, lakini macho yake yalinitazama kama nilivyomtazama Bwire. Nikaacha. Nikatembea kando ya kitanda, mkono wake ndani ya wangu, mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, na muuguzi mmoja akatuachia muda kidogo zaidi kabla ya kuufunga.