Pikipiki ya Theluji ya Dadabapa

Naomba msomaji asimame kidogo, kwa ukimya na heshima, kuukumbuka ujana wangu. Umelala ghalani, nyuma ya duka la vipuri la Shangazi Farzana, katikati ya mji wa Mwanza, ubavuni mwa mashine iliyoundwa kukimbia juu ya theluji.

Ndiyo, theluji. Najua. Kwetu barafu huonekana kwenye madeli ya samaki tu.

Mashine hiyo ilikuwa mali ya Nizar, mdogo wake Dadabapa. Dadabapa ndivyo tunavyomwita babu mzaa baba. Nizar alihamia Kanada baba yangu hajazaliwa. Alipozeeka, aliipakia pikipiki yake ya theluji kwenye kontena la majokofu ya mtumba, akampigia kaka yake simu: "Sadru, ukiiwasha utanielewa." Akafa kabla kontena halijafika. Tangu hapo ikakaa ghalani: mbele ina vyuma viwili vilivyopinda kama viatu vya jitu, chini ina mkanda wa mpira badala ya magurudumu, na injini yake imeota kutu kama sufuria ya bwenini.

Sasa sikiliza mtego ulivyotegwa. Ndugu wa Shangazi Farzana karibu wote wako Kanada, naye anataka kufunga duka awafuate. Hawezi kumwacha baba yake peke yake. Na Dadabapa, ambaye hajawahi kumkatalia binti yake jambo lolote, alimjibu hivi:

"Nitakwenda, mwanangu. Ila siwezi kuiacha mashine ya ndugu yangu ikiwa maiti. Ikiwaka tu, tunaondoka."

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimeletwa kwa Shangazi kusubiri matokeo. Nilikaa nyuma ya nondo za dirisha nikiuza nati na bolti. Shangazi alikuwa ameahidi: Dadabapa akienda, namsindikiza na nitasoma huko huko. Asipokwenda, hatuendi sote. Watu watatu tulifungwa na injini moja, na aliyekuwa akitafuta ufunguo ni mimi, Dilshad, mfungwa mdogo kuliko wote.

Nilimleta Fundi Nkwabi, anayetengeneza injini za mitumbwi kule Mwaloni. Aliizunguka mashine, akainusa, akaipiga teke la kirafiki.

"Hii ni injini ya boti iliyopotea njia," alisema. "Inakunywa petroli iliyochanganywa na oili, kama za kwetu."

"Na vipuri vyake tutavipata wapi?"

"Binti, kipuri ni kitu kinachoingia. Kikiingia, ndicho chenyewe."

"Kisipoingia?"

"Tunakipiga tupa mpaka kikubali."

Basi nikatoka kifungoni kwa ruhusa maalumu kwenda kuhiji. Ring za pistoni tulizitoa kwenye injini ya mtumbwi uliozama. Kabureta ilitoka kwenye pampu ya kumwagilia mchicha. Ule mpira wa chini, uliokuwa umechanika, niliupeleka Buzuruga kwa mshona kandambili za matairi, akaniuliza bila kucheka mwenye mguu huo anaishi wapi. Mkanda wa kuunganisha injini na mpira niliupata Kisesa, kwa Mzee Mihayo mwenye mashine ya kukoboa mpunga.

Kisha vitu vikaanza kupotea. Ring zilitoweka mezani. Tukatafuta nyingine, nazo zikatoweka. Dadabapa alitupa pole nyingi.

"Panya," alisema.

"Panya wanakula chuma, Dadabapa?"

"Panya wa Mwanza hao, beta," alisema, akiniita mwana kwa lugha ya nyumbani. "Hawachagui."

Siku moja asubuhi simu ikaita dukani. Alikuwa Mzee Mihayo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Dilshad, babu yako katoka hapa sasa hivi. Amenirudishia mkanda, anasema ni mfupi. Kaja mpaka Kisesa kwa bajaji, mtu mzima yule, na hata maji kakataa. Kwani ulikuwa mfupi?"

Haukuwa mfupi. Nilikaa juu ya ndoo ya grisi nikatafakari. Mimi niliwahi kubandika tangazo kwamba mgeni rasmi anakuja shuleni, na shule nzima ikala pilau ya kumsubiri hadi sufuria zikakwanguliwa. Kazi ya msanii mwenzangu naitambua.

Nilimkuta Dadabapa kwenye ngazi, anakunywa chai kwenye kisosi.

"Dadabapa, panya amepanda bajaji."

Alipuliza chai yake taratibu. "Alikuwa na nauli?"

"Alikuwa na kofia kama yako."

Hapo akacheka, halafu kicheko kikamkauka mdomoni. Akaweka kisosi chini.

"Kwa nini usimwambie Shangazi kwamba hutaki?"

"Nimwambie Farzana? Tangu mama yake afariki amenipikia, ameninywesha dawa, wachumba amewarudisha mlangoni kwa ajili yangu. Mtu kama huyo nimwambie sitaki? Wewe unaweza?"

"Mimi naogopa hata kumwambia chumvi imezidi."

"Basi. Kule nitakaa dirishani nimevaa soksi mbili mbili, nitazame magari ya watu nisiowajua. Hapa nikishuka ngazi hii, kila mtu ananiita Sadru. Bibi yako naye yuko hapa, makaburini, na Ijumaa ananisubiri." Akanitazama. "Lakini nimetoa neno, beta. Ikiwaka, nitakwenda."

Tangu saa hiyo ghala likawa dogo zaidi. Nikiiwasha mashine, nampakia babu yangu kwenye ndege kama mzigo. Nisipoiwasha, nitauza bolti mpaka nami niote kutu. Nilipitia ubaya wote niliojifunza bwenini nikitafuta njia ya tatu. Hapakuwa na somo hilo.

Shangazi hakungoja nipate. Aliposikia baba yake amerudisha mkanda akidhani ni mfupi, alikwenda Kisesa mwenyewe, akarudi nao, akalipiga ghala kufuli na ufunguo akauvaa shingoni. "Sasa panya waje," alisema. Fundi Nkwabi alifanya kazi humo ndani akilindwa kama benki.

Jumamosi Shangazi akaalika majirani uani kushuhudia. Mashine ilitolewa, ikainuliwa juu ya matofali ili mpira uzunguke bila kwenda popote. Wageni walipokuwa wameinamia sambusa, niliinamia injini. Nilifungua plagi, ile inayotoa cheche, nikaitumbukiza ndani ya soksi yangu. Sikuwa nimeamua lolote la kudumu. Nilitaka wiki moja tu ya kufikiri.

Fundi Nkwabi akavuta kamba. Kimya. Akavuta tena. Akachungulia.

"Plagi haipo."

"Panya!" Shangazi akapiga kelele.

"Panya gani anayeshika spana?" aliuliza Mama Bernadeta, mwenye duka la vitambaa jirani. "Huyo mumpe kazi."

Nkwabi hakushtuka hata kidogo. Alivua kofia yake, akaingiza vidole kwenye upindo, akatoa plagi nyingine inayong'aa.

"Mtu wa ziwani hatembei bila plagi ya akiba," alisema. "Ikikufia katikati ya maji, nani atakuuzia?"

Jambo hilo linajulikana na kila mtoto wa mvuvi kuanzia Mwaloni mpaka Ukerewe. Mimi nilikuwa bwenini, nikisoma mvuke na shinikizo.

Akavuta kamba mara ya tatu, na mashine ikanguruma. Moshi wa buluu ukajaa uani, kuku wakakimbia, mpira wa chini ukazunguka ukipiga kofi hewani. Shangazi Farzana alilia kwa furaha, akamshika Dadabapa mkono, akampandisha kwenye kiti. Mimi akanisukuma nyuma yake, tupigwe picha.

Nilimshika babu yangu kiunoni, sikio langu likiwa begani pake. Nadhani alikuwa anatabasamu, akimkumbuka mdogo wake. Kisha mgongo wake ukakakamaa, nikamsikia anasema kitu.

"Sitaki."

Alikuwa anaiambia mashine. Akasema tena kwa nguvu, kwa kuwa kelele iliifunika sauti yake. Halafu akapiga ukelele kabisa, mikono juu, maneno aliyoyameza kwa miezi yote ile: "Sitaki kwenda! Sitaki, Farzana!" Na Shangazi, aliyekuwa mbele yetu na simu ya kupigia picha, akampigia makofi na kumpungia mkono, akidhani anashangilia.

Swichi ya kuzimia ilikuwa kwenye usukani, karibu na mkono wangu. Niliifikiria Kanada. Niliyafikiria madirisha yasiyo na nondo. Nayafikiria mpaka leo.

Nikazima.

"...sitaki kwenda, mwanangu!" Sauti ya Dadabapa ikaanguka katikati ya ua uliokuwa kimya, na kila mtu akaisikia.

Shangazi alishusha simu. "Umesemaje, Bapa?"

Angeweza kusema ni mzaha. Alinitazama kwa pembe ya jicho, akashusha mikono yake polepole.

"Nenda wewe, Farzana. Umenitunza vya kutosha. Mimi nibaki."

"Nikuache na nani?"

Moshi ulikuwa bado unapanda ukutani. Mama Bernadeta ndiye aliyeanza kunitazama. Akafuata Fundi Nkwabi, kofia mkononi. Mwisho akageuka Shangazi mwenyewe, macho yamejaa machozi, na kwenye macho hayo nikaona hesabu ikikamilika.

"Msinitazame hivyo," nilisema.

Hakuna aliyeacha.