Te Mbili za Tagadirt

Bihi alikuwa mtu wa kuvumilia mengi, ila si kudogoshwa. Na siku ile ya soko, Abella wa kijiji cha ng'ambo ya bonde alimdogosha mbele ya wauza mbuzi wote.

"Karibu, mwenyekiti wa kijingome!" alipaza sauti. "Lakini huyu mbuzi ana pembe, Mzee Bihi. Atapita kwenye kilango chenu?"

Watu wakaangua kicheko. Bihi akaondoka bila mbuzi.

Kisa ni jina la kijiji. Kwa Waamazigh wa milima ile, neno ukilivika herufi te mbele na te nyuma, kitu chenyewe kinanywea. Agadir ni ngome. Tagadirt ni kijingome tu. Njia nzima Bihi alizitafuna zile te mbili kama kokoto ndani ya mkate.

"Nani alituvika hizi te?" alimuuliza mkewe, Kltum, aliyekuwa akisaga lozi.

"Waliokiona kijiji."

Kesho yake asubuhi Bihi alibeba ngazi na kopo la rangi nyeupe hadi njia panda, penye kibao cha barabara. Akaifuta te ya mbele, akaifuta ya nyuma, akashuka kutazama. AGADIR. Kifua kikamvimba. Kwamba huko pwani upo mji mzima wenye jina hilohilo, wenye bandari na mahoteli, hakukumbuka. Au alikumbuka, akaona dunia ni pana.

Haikupita wiki, mchana wa joto kali, lori kubwa lilipanda mlimani likipiga honi kila kona, maji yakichuruzika nyuma yake. Likasimama kando ya uwanja wa kupuria shayiri. Dereva, mtu mnene wa Marrakesh aitwaye Miloud, akachomoza kichwa.

"Jamani, bandari iko wapi?"

Wapuraji wakatazamana. "Bandari ya nini?"

"Ya samaki! Nimebeba barafu. Simu haishiki humu milimani, nikafuata kibao. Kibao kimesema Agadir!"

Bihi akainama, akaanza kutafuta chini kitu ambacho hakikupotea.

"Muulize huyo," Kltum akasema, akimwonyesha kwa kidevu. "Bahari yetu anayo yeye."

Ikabidi Bihi aseme. "Ni mimi, bwana. Nilifuta te mbili."

"Ulifuta nini?"

"Te."

Miloud akaketi juu ya jiwe. "Barafu yangu inayeyuka, na mtu ananiambia te!"

Kltum alikuwa ameshakunja mikono ya nguo. "Majani ya shayiri!" akawaita wanawake. "Ifunikeni hiyo barafu kabla haijawa supu!" Wakapanda lori, wakipokezana matita ya majani makavu. Wanaume walisimama wakingoja amri.

"Amghar, tufanyeje?" mmoja akamuuliza Bihi. Amghar ni mkuu wa watu, na Bihi alipenda sana kuitwa hivyo.

"Zile te mbili bado anazo mfukoni!" Kltum akapiga kelele kutoka juu ya lori. "Mvikeni!"

Amghar ukimvika te mbili anakuwa tamghart: mwanamke. Uwanja ulipasuka kwa kicheko. Vigelegele vikapigwa: "Tamghart Bihi! Tamghart Bihi!" Hata Miloud, asiyejua neno la lugha ile, alijikuta anacheka.

Bihi aliwaka hadi masikioni. Akatazama juu: wanawake walishafunika nusu ya lori, na wanaume hawajainua hata unyasi.

"Basi, tamghart ni mimi," akasema. "Nipeni tita."

Akapanda. Wanaume wakafuata mmoja mmoja, wakisukumana na kutaniana.

Lori lilipokwisha kugeuzwa, Bihi aliketi karibu na dereva, maana alitaka kumweleza tajiri wa barafu kwa kinywa chake mwenyewe. Pale njia panda Miloud alisimama akamshikia ngazi, Bihi akaikwangua rangi yake kwa kisu mpaka te zote mbili zikatokeza.

Alirudi siku ya pili yake kwa lifti za kuomba njiani, ananuka samaki, amekumbatia kreti ya dagaa wakubwa. Barafu iliyosalia ilitosha. Tajiri alifoka weee, mpaka aliposikia habari ya te. Hapo akaita wavuvi waje wasikilize, Bihi akalazimishwa kuisimulia upya, na kreti ndiyo ikawa ujira wake.

Kijiji kizima kilichoma samaki uwanjani.

"Haya, bahari ikoje?" Kltum akamuuliza.

"Kubwa."

"Kubwa kama nini?"

"Kubwa tu. Nilisimama pale nikajiona kijitu."

"Na hukukasirika?"

"Hapana," akasema Bihi, akinyofoa mwiba kwenye meno. "Nilivua viatu."