Ziwa Limeshajipindua

Mjinga wa siku ile alikuwa Verlyn Haugen, na hata yeye mwenyewe hakuwahi kubisha. Mtu amezeekea kazi ya kupeleka wageni ziwani kuvua, kisha anakwenda kutafuta samaki wa Septemba mahali wanapokaa Agosti, tena mbele ya mtu pekee ambaye hakutakiwa kuliona hilo.

Mtu huyo ni shemeji yake Ardis, mjane wa kaka yake Merle. Kambi ya wavuvi, vibanda vyake na gati lake, ilikuwa ya ndugu wawili. Sasa nusu ni ya Ardis, na tajiri mmoja wa mji wa Minneapolis alikuwa anaitaka yote. Ardis akiuza yake, ya Verlyn peke yake haiendeshi kambi, na hakuwa na paa jingine duniani. Ndiyo maana alimwomba shemejiye watoke pamoja siku moja tu, aone mwenyewe ziwa lilivyo na neema kabla hajampa tajiri jibu.

Gatini Ardis alisimama akanusa hewa. Wiki nzima usiku ulikuwa wa baridi. Maji ya juu yalipoa yakazama, ya chini yakapanda na uvundo wake wa majani yaliyooza. Akasema ziwa limeshajipindua, na wolai, samaki wanaotafutwa na wageni wote, watakuwa wamewafuata dagaa kwenye maji ya kina kifupi, kule kwenye matete ya mlango wa mto.

"Shemeji, wewe utakaanga, mimi nitavua," Verlyn alimwambia. "Hiyo pua iache inuse vitunguu."

Akapakia kikaango, mafuta ya nguruwe, viazi na vitunguu. Soseji hakuchukua. Chakula cha mchana huliwa ufukweni, na mboga yake ni samaki wa asubuhi ile ile; mpeleka wageni anayebeba nyama ya akiba amekiri kushindwa kabla hajatoka, na Verlyn alikuwa amewacheka wenzake wengi kwa kosa hilo.

Walikwenda mbali, kwenye maji marefu yenye tope chini, ambako Merle alikuwa akijaza boti kila kiangazi. Kioo cha chombo cha kutafutia samaki kilionyesha vitone vingi, Verlyn akavishangilia. Zilikuwa ni takataka zilizopanda kutoka chini. Akabadili ndoana, akabadili rangi ya chambo, akakiburuta polepole, akakiburuta haraka, akasimulia vichekesho ambavyo Ardis alivijua tangu harusi yake. Upepo ukageuka ukaanza kuwarushia maji mgongoni. Hakuna kilichogusa.

Mchana walishuka kisiwani, Verlyn akawasha moto, akakaanga viazi mwenyewe. Ardis alikula, akaomba chumvi. Verlyn akasema viazi vya mwaka huu ni vitamu. Ardis akajiongezea chumvi. Verlyn angefurahi zaidi kutukanwa.

Wakati wa kurudi, Ardis alimtaka azime mashine mbele ya yale matete ya mlango wa mto, mahali ambapo gati lao linaonekana. Verlyn alinung'unika kwamba maji yale hayamfiki mtu kiunoni, lakini akazima. Ardis akachukua dagaa hai kwenye ndoo ya chambo, akamtunga kwenye ndoana yenye kichwa kizito cha madini ya risasi, akairusha ukingoni mwa matete, akaiacha iguse mchanga, akainyanyua kidogo. Fimbo ya kuvulia ikapinda. Akatoa wolai mnene, macho meupe kama ya kipofu. Akatoa mwingine, na mwingine tena, kisha akalaza fimbo chini kama mtu aliyemaliza kuosha vyombo.

Mwenye akili angenyamaza hapo. Verlyn aliona upenyo.

"Umeona, shemeji? Mjinga ni mimi, ziwa halina kosa. Samaki wako hapa mlangoni kabisa. Mahali kama hapa mtu anauza?"

Ardis akasema amechoka kufua mashuka ya wageni, na magoti yake hayataki tena baridi ya huku. Verlyn akasema magoti yana dawa. Alipoona hacheki, akashika neno ambalo ingemfaa zaidi kuliacha.

"Merle asingeuza, na unajua. Unataka kumzika mara ya pili."

Ardis alichovya mikono ziwani akatoa magamba, akaifuta kwenye suruali.

"Merle alitaka kuuza tangu mama yenu alipokufa," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa namkatalia, kwa sababu wewe hukuwa na pa kwenda. Washa mashine, Verlyn."