Pointi Themanini na Mbili

Jumatatu ya mwisho ya Agosti, saa mbili asubuhi, Agnès Katongo alikuwa wa kumi na saba kwenye mstari wa kuandikisha watoto katika lise moja, shule ya sekondari ng'ambo ya njia ya reli, Lubumbashi. Kando yake alisimama binti yake Sephora, wa miaka kumi na minne, aliyemaliza mwaka wa nane na sasa alipaswa kuchagua option, yaani masomo ya miaka minne ya juu. Sephora alikuwa amechagua tangu Krismasi. Alitaka Math-Physique, na kila aliyemuuliza alipewa jibu hilohilo, hata padri.

Masharti yalibandikwa mlangoni. Math-Physique, hesabu sitini juu ya mia. Bio-Chimie, hamsini na tano. Commerciale, hamsini. Coupe-Couture, ya ushonaji, haikuwa na sharti. Palikuwa pameandikwa tu kwamba ni ya wasichana waliobaki. Bulletin ya Sephora, karatasi ya matokeo yake, ilionyesha hesabu themanini na mbili. Kalamu nyekundu ya mwalimu wake, Bwana Paulin, ilikauka mwezi wa sita, kwa hiyo aliiandika kwa kalamu ya kijani.

Wazazi waliozoea shule ile walishika bulletin kwa mikono miwili, kiganja kimoja chini ya karatasi, kama mtu anayebeba sahani ya mchuzi hadi mezani. Agnès hakuwa amezoea. Sephora alikuwa mtoto wake wa kwanza kufika huko. Zamu yake ilipofika alitoa bulletin kwa heshima, kama alivyofundishwa kwao: mkono wa kulia mbele, mkono wa kushoto chini ya kiwiko, magoti yamekunjwa kidogo. Chini ya karatasi hapakuwa na kitu.

Pointi za hesabu zikaanguka. Ile nane ilibingirika hadi chini ya kabati, na ile mbili ikasimama kwenye mguu wa meza. Zilifuatiwa na za fizikia, za Kifaransa na za mwenendo mwema, hizo za mwisho zikishuka polepole kwa sababu ni nyepesi. Sakafu ya ofisi ilikuwa imejaa pointi za tangu asubuhi, na viatu vya karani vilizisaga kila alipogeuka.

Karani, Madame Huguette, aliitazama karatasi. "Mama, hapa kwa mathé hakuna kitu. Iko vide."

"Imeanguka saa hii," alisema Agnès. "Ile nane iko chini ya armoire, angaria."

"Mi nasoma ile iko ku papier. Chini ya armoire haiko dossier. Suivant!"

"Madame, mutoto alipata makumi munane na mbili."

"Alipata. Sasa hana nayo."

Agnès alipiga magoti aokote. Huguette akaweka kiatu chake juu ya ile mbili, bila haraka, akaeleza kwamba wazazi hawaruhusiwi upande ule wa meza. Kisha akaandika Coupe-Couture mbele ya jina la Sephora kwa mwandiko mzuri, maana huo alikuwa nao. Baba aliyefuata alikuwa mzoefu, lakini mkono wake ulitetemeka, na pointi za kemia za mwanawe zikaenda zote. Alishukuru, akatoka.

Zipo bulletin ambazo hazidondoshi kitu. Ni za watoto ambao wazazi wao hupiga simu kabla ya kuja. Hizo huletwa ofisini kwa bahasha, hukaa droo ya kulia usiku mmoja, na asubuhi huamka na pointi nyingi kuliko zilizolala nazo. Hakuna aliyewahi kuuliza sababu. Mkono mtupu haulambwi, na mji mzima unalijua hilo kuliko jedwali la kuzidisha.

Njiani kurudi nyumbani Kamalondo, Sephora hakulia. Alisema tu, "Mama, mi sitaki kushona."

"Hautashona," alisema Agnès.

Agnès aliuza samaki wakavu wa Kasenga, lakini alizaliwa Kambove, na kabla ya kuolewa aliosha mawe pamoja na mama yake kwenye kijito chini ya mashimo ya wachimbaji. Kuosha mawe ni kazi ya wanawake. Unatikisa chekeche ndani ya maji, udongo unakwenda, kokoto bure zinapanda juu unazitupa, na kile chenye uzito kinabaki chini. Mwanamke aliyeifanya miaka sita hahitaji mizani. Mkono wenyewe unamwambia.

Jumanne mchana alirudi shuleni na chekeche, beseni mbili na bidoni tatu za maji kwenye mkokoteni. Mlinzi, mzee Kangwa, ndiye aliyefagia ofisi kila saa kumi na kumwaga taka nyuma ya vyoo. Agnès alimpa samaki wawili wa kuoka, akamweleza shida yake.

"Osha tu," alisema Kangwa. "Pale kuko za tangu nilianza kazi. Miaka kumi na moja. Hakuna muntu mwenye kuuliza."

Agnès alikunja kitenge, akaketi juu ya bidoni tupu. Sephora alileta taka kwa koleo, mama akatikisa. Vumbi la chaki likaenda na maji. Pointi za mwenendo, za dini na za mazoezi ya mwili zikaelea juu, naye akaziondoa kwa kiganja. Hesabu na fizikia zilizama mara moja, kama inavyotakiwa. Kufikia saa kumi na nusu, beseni ya kwanza ilijaa robo tatu.

Ile mbili aliipata imepinda kwa sababu ya kiatu cha Huguette. Ile nane iliruka kwenye chekeche ikiwa kijani kibichi, akataka kuiweka pembeni kama jiwe zuri la shaba, kwa mazoea ya Kambove, hadi Sephora alipomshika mkono. Wakaziosha mara mbili, wakazifunga kwenye leso.

Zilizobaki zilikuwa za watu wengine. Sephora aliokota sabini na sita ya kemia, ya wino wa zamani. Mzee Kangwa aliitambua. Ilikuwa ya msichana aliyeitwa Joëlle, ambaye sasa anauza makaa kwenye njia ya Kasenga. Palikuwa na tisini zaidi ya kumi. Palikuwa na sitini nyingi mno, zile za sitini kamili, za watoto waliokesha mwaka mzima ili kufika tu kwenye mstari, na Agnès alipoziona alikasirika kuliko alivyokasirika kwa ajili ya mtoto wake mwenyewe. Alitukana kwa Kibemba. Sephora hakuwa amewahi kumsikia akitukana, akaendelea kuchota.

Jumatano asubuhi waliingia ofisini kwa préfet, mkuu wa shule. Préfet Liévin alikuwa mtu wa adabu. Alisimama, akamvutia mama kiti, akatazama ndani ya beseni, akatia kidole na kukoroga.

"Kazi muzuri sana, mama. Ziko propres. Sisi hatuna muntu wa kufanya hivi."

"Bwana préfet, mi sikukuya juu ya beseni. Nilikuya juu ya hizi." Agnès alifungua leso. "Ni makumi munane na mbili ya mutoto yangu. Muziweke ku bulletin yake, tumalize."

"Muliokota wapi?"

"Nyuma ya vyoo. Mu taka."

"Nyuma ya vyoo vya shule?"

"Ndiyo."

"Basi ni za shule, mama," alisema préfet kwa upole. "Kila kitu kinaokotwa mu parcelle ya shule ni ya shule. Njo règlement. Hata mi nikiangusha funguo yangu pale, inakuwa ya shule mupaka niiombe."

"Basi ninaiomba."

"Iandike. Conseil ya shule itakaa siku ya tano, vendredi."

Agnès aliandika ombi palepale, kwa Kifaransa, Sephora akimsomea tahajia. Préfet alimpa hati ya kupokea: beseni moja ya pointi mchanganyiko, na pointi themanini na mbili za kijani, zimepokelewa katika hali nzuri isipokuwa kupinda kidogo. Akapiga mhuri. Kisha akavuta droo ya kulia, akamimina ndani yake beseni yote pamoja na zile za kijani, na leso tupu akaikunja vizuri akamrudishia mama.

"Na hiyo beseni yako," aliongeza, "ukuye nayo tena mwaka kesho. Tutakuandikia kama ouvrière, mufanyakazi ya shule. Uko na mukono."

Agnès alikuwa bado anaamini karatasi yenye mhuri. Hilo halikuwa ujinga. Mtu anayeuza samaki anajua kwamba ukiwa na neno la mtu na huna karatasi yake, huna kitu. Sasa alikuwa na karatasi. Siku mbili alikaa nayo kifuani, ndani ya blauzi, na Sephora alimaliza sura mbili za kitabu cha hesabu cha mwaka wa kwanza wa juu alichoazimwa na jirani.

Jumamosi orodha zilibandikwa. Kwenye ya Math-Physique palikuwa na majina arobaini, na bulletin zenyewe zilitundikwa kando kwa pini ili umma uone kwamba kila kitu kimefanywa wazi. Jina la tatu lilikuwa Ariel, mwana wa mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Mwaka mzima Ariel alikaa dawati la nyuma ya Sephora, na alimaliza na thelathini na tisa. Kwenye bulletin yake, hesabu ilikuwa themanini na mbili, kwa wino wa kijani, ile mbili imepinda kidogo.

Jina la Sephora lilikuwa kwenye orodha ya Coupe-Couture, la kwanza kabisa.

Agnès aliiweka karatasi yake ya mhuri juu ya kioo cha dirisha la ofisi, akapiga kioo kwa kiganja. "Bwana préfet! Toka! Toka uangarie! Hii ni ya mutoto yangu! Bantu bote bako naona rangi!"

Préfet alitoka. "Mama, kijani ni kijani. Mwalimu Paulin aliandikaka batoto bote na ile Bic."

"Ile mbili ilipindishwa na kiatu ya huyu madame! Mwenyewe uliandika hapa, 'kupinda kidogo'!"

Préfet alisoma hati yake mwenyewe kwa makini. "Ndiyo. Tuliandika tumepokea. Hatukuandika tutarudisha."

"Munaiba! Munaiba batoto!"

Ua ulikuwa na wazazi kama sitini, waliokuja kwa raundi ya pili ya kuandikisha. Wote walimsikia. Wote walikuwa wameona yaleyale, wengine kwa macho yao wenyewe na kwa watoto wao wenyewe. Walisimama kwenye mstari, kila mmoja na kiganja chini ya bulletin yake. Mwishowe mwanamke mmoja aliyebana karatasi yake kifuani akasema, "Mama, pardon. Uko natuchelewesha."

Hapo ndipo Agnès alipoishiwa nguvu. Préfet hakumvunja, hata Huguette hakumvunja. Alivunjwa na yule mama. Dua la kuku halimpati mwewe, wanasema, lakini hawasemi kuku wengine hufanya nini wakati huo. Alikunja karatasi yake, akamshika Sephora mkono, wakatoka langoni, na mstari ukasogea hatua mbili.

Masomo yalianza Septemba. Sephora alikwenda, kwa sababu mtoto asiyekwenda huhesabiwa ameacha, na aliyeacha hawezi hata kuomba kubadilishiwa. Darasa la Coupe-Couture lilikuwa na wasichana hamsini na moja na cherehani nne. Mwalimu wao, Madame Deborah, alikuwa mkali na mwenye haki ndani ya chumba kile. Aliwafundisha kushika sindano, kutia uzi bila kulamba ncha, mshono wa kupitisha na mshono wa kurudi nyuma. Sephora alijifunza haraka. Hakupenda kwamba alijifunza haraka.

Katika wiki ya tatu ikatokea shida upande wa Math-Physique. Pointi za baadhi ya wanafunzi hazikukaa. Mwalimu akimwita mtoto ubaoni, bulletin yake ndani ya kabati ilianza kudondosha, na asubuhi moja pointi za darasa zima zilikutwa sakafuni. Gundi ilijaribiwa. Pini za karatasi zilijaribiwa. Mkaguzi wa wizara alitazamiwa Alhamisi.

Jumanne Préfet Liévin aliingia katika darasa la Coupe-Couture na kifurushi cha bulletin arobaini. Aliwasalimia wasichana, akasema kwamba shule ni familia moja na kila option ina faida yake kwa nyingine. Hakuna aliyecheka. Madame Deborah aligawa bulletin, sindano, na uzi mweusi, akatangaza kwamba kazi hii itasahihishwa kama kazi ya vitendo ya muhula.

Sephora alipewa ya Ariel.

Aliilaza mezani. Ile nane na ile mbili zililala kwenye nafasi yao, zimelegea, na alipoinama karibu zilisogea kidogo kuelekea kwake. Angeweza kuzitia kwenye mfuko wa sketi. Alifikiri jambo hilo kwa muda wa kutia uzi. Lakini mfukoni zingekuwa za nini? Bulletin yake mwenyewe ilikuwa kwenye kabati la préfet, na mfuko wa sketi hauandikishi mtu popote.

Alizishika kwa kidole gumba cha kushoto zisitoroke, akachoma sindano. Alishona nane kwanza, mzunguko wa juu kisha wa chini, kwa mshono wa kurudi nyuma, mishono midogo iliyolingana. Ile mbili aliinyoosha kwa ukucha mahali ilipopinda, akaishona mara mbili. Machozi yalikuja yenyewe, na aligeuza uso pembeni yasiloweshe karatasi.

Madame Deborah alisimama nyuma yake. Alichukua bulletin, akaitikisa hewani, akaipindua, akaivuta ile nane kwa ncha ya mkasi. Haikusogea.

"Hii haitatoka tena hata siku moja," alisema. "Muzuri sana, mutoto. Kamata ingine."