Ngao ya Vipande Vitatu

Ngao ya mji, ile iliyochorwa ukutani juu ya mlango wa halmashauri, ilikuwa na vipande vinne, kila mtaa na chake: wahunzi nyundo, wenye maduka mizani, wakulima jembe, na watu wa bondeni mtungi. Mchoraji alizaliwa bondeni, na mama yake bado anaishi huko. Mama huyo hakuwaacha watu wapumue. "Mtungi ule ni wetu, na mkono ni wa mwanangu!" Hata asiyeuliza aliambiwa.

Asubuhi hiyo karani akamwita mchoraji. "Fundi, futa yote. Safari hii vipande vitatu."

"Vitatu? Mitaa si minne?"

"Wewe chora."

"Kinachotoka ni kipi, bwana mkubwa?"

Karani akatazama viatu vyake. "Mtungi. Bondeni panapita barabara. Mvua zikiisha tu, matingatinga yanaingia. Wenyewe hawajaambiwa, kwa hiyo funga mdomo."

Loo! Mchoraji akakaa kwenye ngazi yake. Akamsihi: mama ni mzee, nyumba ile aliijenga na marehemu baba, ataenda wapi? Karani akasema pole, na ilikuwa pole ya kweli, lakini pole tangu lini ikazuia tingatinga? "Ukikataa namwita mwingine. Ngao itachorwa tu."

Ndilo lililomuuma: ni kweli ingechorwa tu. Mwenye nguvu mpishe, walisema wahenga, ila hawakusema upishe na mama yako.

Akapanda. Msalaba wa zamani, uliogawa vile vipande vinne, akaufunika kwa rangi nyeupe. Akavuta mistari miwili kutoka pembe za juu, ikakutana katikati, na wa tatu ukashuka hadi kwenye ncha. Nyundo, mizani, jembe. Vilienea vizuri mno, vikamtia hasira, kana kwamba mtungi haukuwahi kuwepo.

Mara mama huyo hapo, kamkokota jirani yake kwa mkono. "Njoo uone kazi ya mwanangu, inapakwa upya!" Akainua macho, akahesabu kwa kidole, akarudia. "Mwanangu, mtungi wetu uko wapi?"

Mchoraji akaishika ngazi kwa mikono miwili. "Sijamaliza, mama."

"Si nilijua!" Akamchekea jirani kwa furaha, akaketi kwenye kizingiti. "Mambo mazuri hayataki haraka. Maliza, baba. Sisi tunangoja hapa hapa."

Mchoraji akachovya brashi, asijue pa kuiweka.