Kazi ya Kunusa

Baba aliinama mbele yangu, mikono magotini, akafungua mdomo kama mgonjwa mbele ya daktari. "Haa," akapuliza. Nami nikageuza uso.

Miaka sita imepita. Nikilikumbuka lile korongo karibu na Oltepesi, hema letu la kijani, pikipiki mbili zikipoa na jua likizama nyuma ya migunga, kitu cha kwanza ninachokiona ni shingo yangu mwenyewe ikigeuka. Niliona sina haja ya pumzi yake. Shati lilikuwa limeshasema. Lilinuka pombe kutoka kola mpaka kifungo cha tatu, pombe tamu na nzito ya kienyeji.

"Umetoka wapi?"

"Kwa mzee mmoja, hapo ng'ambo. Pikipiki ya kijana wake ilikuwa imekataa kuwaka, nikaiangalia." Akajitazama kifuani, akacheka kidogo. "Nimebarikiwa, Nthambi."

Nimebarikiwa! Haki ya Mungu, walevi hawaishiwi visingizio. Katika maisha yangu nilikuwa nimesikia ya jino linalouma, ya rafiki aliyefiwa, ya dawa ya kikohozi. Ya baraka ilikuwa mpya. Niliingia hemani nikafunga zipu, nikamwacha amesimama pale na mdomo wake wazi.

Ili mnielewe, kunusa ilikuwa kazi yangu. Mama yangu, Kalekye, alikuwa amefanya kazi miaka kumi na miwili kwenye shamba la maua, na zile dawa za kupulizia wadudu ziliimaliza pua yake. Maharagwe yaliweza kuungua naye amekaa hapo hapo kando ya jiko anachambua mchele. Gesi ikivuja, aliniita mimi. Kwa hiyo baba alipoanza kurudi nyumbani akiegemea kuta, mama akanipa cheo. Nilikuwa na miaka minane. Baba akibisha, mimi ndiye ninayefungua. Anainama, "Haa," nami namgeukia mama na kusema, "Safi," au, "Amekunywa." Nikisema amekunywa, analala kwenye kochi, na hakuwahi hata siku moja kubishana nami. Naona haya kusema hivi, lakini nilikipenda kile cheo.

Nilipofika kidato cha tatu, kochi halikutosha tena. Baba alikuwa ameazima gari la kumpeleka mama Mwingi kumzika kaka yake. Asubuhi ya mazishi tulimkuta amelala ndani ya gari hilo, ufunguo mkononi, hajielewi. Mama alimtoa na begi moja. Akaenda kupanga chumba Gataka, kule Rongai, akafungua banda la kutengeneza pikipiki, na akaacha pombe. Au ndivyo alivyosema.

Miezi tisa baadaye alikuja kwetu Kitengela. Hakuingia. Alisimama nje ya geti na pikipiki mbili nyuma ya pikapu, zile ndefu za kuparamia milima, zenye matairi ya meno. Moja ilikuwa yake ya zamani. Ya pili alikuwa ameniundia mimi kutoka vipande vya pikipiki za ajali, akaipaka rangi ya machungwa. Huo wazimu niliurithi kwake. Tangu nikiwa na miaka kumi na mmoja alikuwa akinifundisha kuendesha kwenye machimbo ya changarawe. "Nipeni siku mbili na mtoto," alisema. "Tulale nje, turudi. Muone vile niko."

Mama alifikiri wiki nzima. Kisha akanifuata jikoni.

"Nenda naye. Akirudi safi, aingie, alale kwake. Akinuka hata kidogo, hilo geti simfungulii tena mpaka nife. Na usinidanganye eti kwa sababu ni baba yako."

"Sitakudanganya, Mama."

"Kila mahali mkisimama, nitumie meseji."

Basi tukaondoka Ijumaa asubuhi, baba mbele, mimi nyuma, nikiwa na miaka kumi na minane na leseni yenye wiki tatu. Ilikuwa siku ya kufurahi. Mimi niliitumia kuutazama mgongo wake, kama unayumba.

Kisaju alisimama kuangalia mnyororo wangu. Alipomaliza akachomoa kichupa cha plastiki ndani ya jaketi, kina maji ya kahawia, akapiga mafunda mawili, akakirudisha haraka. Hata hivyo nilituma, "Kisaju. Safi," kwa sababu sikuwa na ushahidi. Tulipofika Isinya akaenda chooni, akaacha jaketi juu ya pikipiki. Nilikifungua kile kichupa nikaingiza pua. Ukwaju. Maji ya ukwaju na sukari kidogo, vile nyanya yangu wa Mwingi alivyokuwa akitutengenezea. Mtu mwingine angepumua. Mimi nilijiambia, mlevi hodari hakosi chupa ya pili. "Isinya. Safi." Kajiado tulinunua mkate na mafuta, akaongea kwa muda na mwanamume fulani nyuma ya kibanda, nami nikala nikimchungulia macho kama yamekuwa mekundu. Aliniona.

"Nisogee karibu unuse?" aliniuliza polepole.

Nilijifanya sijasikia. "Kajiado. Safi."

Baada ya Kajiado tuliiacha lami tukashika njia za ng'ombe. Hapo, nasema ukweli, niliisahau kazi. Vumbi lilikuwa jekundu na laini, mawe yakirukaruka chini ya matairi, nasi tumesimama juu ya vikanyagio, magoti yamelegea. "Usipigane nayo!" baba alikuwa akipaza sauti. "Iache icheze chini yako!" Nilianguka mara mbili, mara ya pili ndani ya kichaka cha miiba, akanichomoa miiba mgongoni huku akinicheka hadi machozi yakamtoka. Sijawahi kuwa na saa moja nzuri kama ile, na nilikuwa nayo pamoja naye.

Tulipiga hema kando ya korongo. Netwaki haikuwepo ila juu ya kilima, kwa hiyo nilipanda kutuma ripoti yangu. Kutoka kule juu nilimwona baba akisukuma pamoja na kijana mmoja wa shuka pikipiki iliyokufa, wakielekea boma lililokuwa ng'ambo. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi jua lilikuwa linazama, na shati lilikuwa na ile harufu.

Jioni hiyo nilimngoja abembeleze, aape kwa jina la mama yake, kama zamani. Hakuapa. Asubuhi nilipanda kilima, nikaandika neno moja, "Amekunywa," nikalitazama, nikalituma. Jibu liliingia kabla sijageuka: "Sawa."

Niliposhuka, baba alikuwa ameshakunja hema na kuchemsha chai. Alikuwa amevaa shati lile lile kwa sababu hakuwa amebeba lingine. Tulivuka korongo, na hapo njiani tukamkuta mzee amesimama, mfupi, amevaa shuka jekundu na viatu vya tairi, kikombe cha bati mkononi. Wake zake wawili walikuwa nyuma yake.

"Sopa!" aliita.

"Ipa," baba akaitikia, akazima injini.

Mimi nilivua helmeti nikainamisha kichwa, maana mtoto aliyelelewa kaunti ya Kajiado anajua hilo, na mzee akaniwekea mkono kwenye nywele.

"Hii ndio msichana yako? Hii ndio inaendesha hii chuma?" Akacheka, akaniangalia mimi. "Baba yako alitengeneza pikipiki ya kijana. Mimi nikampa pombe ya asali, tumetengeneza ya harusi ya binti yangu. Akakataa! Nikamuuliza, kwani ni sumu? Akaniambia pombe ilimtoa kwake. Sasa mtu kama huyo utampatia nini? Unampatia ya mdomo."

Kabla sijafahamu anasema nini, alipiga funda kutoka kwenye kikombe, akavimbisha mashavu, na fuuu! Ilinipata usoni, shingoni, kifuani. Akaanza kumwomba Mungu kwa Kimaa, Enkai hivi, Enkai vile, na kila akipumzika wake zake wakaitikia, "Naai." Matone matamu, mazito, yalitiririka kutoka kola yangu hadi kifungo cha tatu.

Ndivyo wazee wa pale wanavyobariki. Nilikuwa nimelisikia jambo hilo tangu shule ya msingi. Mwalimu wetu wa dini alituambia, wenzangu wa darasani walikuwa wametemewa hivyo kabla ya mitihani. Nililijua kabisa, na jana yake halikunijia hata kidogo, kwa sababu nilikuwa na shati puani na hukumu kichwani.

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda. Baba aliimba ndani ya helmeti, nilimsikia kila tulipopunguza mwendo. Kisaju akasimama kumnunulia mama nyanya. Alizichagua moja moja, akizibonyeza kwa kidole gumba. Nilishuka nikasimama kando yake.

"Baba, nilimwambia mama umekunywa."

Nyanya ilibaki mkononi mwake.

"Ulinusa nini?"

"Shati."

"Basi hukumdanganya."

"Nampigia saa hii. Nimwambie vile ilikuwa."

"Usimpigie. Ukimpigia atadhani ni mimi nimekusimamia hapa." Aliiweka ile nyanya mfukoni, akachagua nyingine mbili. Nilitamani anigombeze. Aligonga tu kiti cha pikipiki yangu kwa kiganja. "Twende, mwiitu wakwa. Si tulisema leo tunarudi?"

Mwiitu wakwa, binti yangu. Hakuwa ameniita hivyo tangu alipotolewa na begi.

Mama alikuwa ametia mnyororo kwenye geti. Alisimama ndani, kufuli limefungwa, ufunguo umening'inia kidoleni, leso imekazwa kiunoni kama siku ya kwenda kupigana. Tulizima injini. Nilisogea kwenye vyuma nikaanza kumwaga maneno.

"Mama, jana sikunusa. Alinipa pumzi nikageuza uso. Ni shati tu lilikuwa linanuka, na hata langu linanuka, ni mzee alitutemea, ilikuwa baraka, kuna harusi..."

Nikajisikia. Mzee, baraka, harusi! Hata mimi nisingeamini. Mama alinitazama kwa macho yale yale niliyomtazama nayo baba kule korongoni, nami nilijua sasa yanavyouma.

"Nyamaza, Nthambi."

Alifungua kufuli. Hakulifungua geti; alipenya kwenye upenyo, akatoka nje, akaenda kusimama mbele ya baba. Majirani wa ploti ya pili walikuwa wameacha kuanika nguo ili waone. Baba aliweka mfuko wa nyanya chini. Kwa mazoea akashika magoti, akainama, akafungua mdomo.

"Haa."

Mama hakugeuza uso. Alisogeza pua mpaka ikakaribia kugusa midomo yake, akafumba macho, akavuta pumzi, ndefu, kama mtu anayenusa ua. Akavuta tena. Nilimwona baba akifumba macho pia. Sote watatu tulikuwa tukiijua pua ile.

Mama akanyoosha mgongo. Akautoa mnyororo, akasukuma geti likawa wazi pande zote mbili.

"Hakuna kitu," alisema. "Ingizeni hizo pikipiki. Muthokoi umeiva."

Muthokoi ulikuwa unaungua. Nilisikia harufu yake kutoka pale getini. Nilinyamaza, nikashika usukani, nikasukuma pikipiki yangu ndani nyuma ya baba.